Pancha ya Tatu

Upepo wa Frisia hauna adabu:
unatuzaba makofi tangu Groningen,
mama mbele, kichwa chini,
baba nyuma na pampu, pancha ya tatu.

Wietske, miaka saba, kaketi kwenye kigari
akihesabu kondoo kwa sauti.
Mwaka jana, wodi ya saratani,
alihesabu matone ya dripu.

Nywele zimerudi, zimejisokota,
si zile za kwanza. Hazitaki chanuo.

Mjini Dokkum muuza jibini
akatumbukiza noti kwenye kopo letu la mchango,
akauliza, "Na mgonjwa yuko wapi?"

Tukatazamana kama walioulizwa deni.

Wietske akainua mkono, mkate umejaa mdomoni:
"Alishuka zamani.
Baba, jaza upepo, twende."