Kutua kwa Mattar

Farasi aliletwa dukani kwa gari la ng'ombe,
farasi wa ngozi, hana kichwa wala mkia,
mgongo umepasuka, makumbi yamtoka kama utumbo.
"Fundi, mshone," akasema Maalim Khelef.
Nikamwambia miye nashona makubadhi na mikoba ya skuli.
Akasema: "Na huyu ni kiatu. Ila huvaliwa kwa mikono."

Siku nne, uzi wa nyavu, nta ya nyuki,
mishono mia tatu na kumi na mbili.
(Nilihesabu. Maalim alilipa nusu.
Nusu ingali njiani.)

Nyuma ya skuli, chini ya majumba ya ghorofa ya Wete,
Mattar alikuwa akimwendea mbio, miguu mitupu,
hatua ishirini, kisha ubao, pwa!
mikono juu ya mishono yangu
na mtu hayupo.
Huko juu alijikunja, akajisokota
kama uzi utafutao tundu la sindano,
akaangukia magunia.
Maalim hakupiga kofi. Alisema tu:
"Kuruka hata chura huruka. Tua."

Tua. Neno dogo.
Mchukuzi hutua gunia bandarini,
mgeni hutua kwa jamaa yake,
moyo wa mgonjwa hutua homa ikishuka.
Mattar alilitafuta neno hilo miaka sita
kwa visigino, kwa magoti,
mara moja kwa jino.

Mwaka aliopelekwa kushindana na mataifa, mji wa barafu,
tulijaa ghorofa ya pili kwa mama yake, Bi Time,
watoto wamekalia mitungi, wazee wamekalia watoto.
Tivii ikaonesha meza pana, imetoa ulimi kama ng'ombe.
"Farasi yu wapi?" niliuliza. "Alishonwa na nani yule?"
Wakaninyamazisha.

Mattar akatokea, nguo nyeupe, chaki mikononi,
akainua mkono mmoja kuwasalimu waamuzi.
Bi Time akaitikia: "Alaykum salaam."
Akakimbia.
Ubao. Mikono. Akaruka
na umeme ukakatika.

Wete nzima giza,
na kijana wetu yuko juu, kichwa chini,
hapana wa kumshusha.
Mtu kando ya dirisha akacheka: "Aliye juu mngoje chini."
Bi Time hakucheka.
Alitandaza kanga mapajani, akaishika pembe mbili,
akakaa hivyo.
Umeme ulirudi baada ya adhana ya alfajiri.
Tivii ilikuwa ikifundisha kupika keki.

Alirudi wiki ya pili, akaja dukani kabla hajafika kwao.
"Ulitua?"
"Nilitua. Hatua moja nyuma."
Akasimama juu ya vipande vyangu vya ngozi, akanionesha:
kisigino cha kulia kilirudi
upana wa kiganja, basi.
"Ikawaje?"
"Wakakata. Fainali huingia wanane.
Miye wa tisa."

Miye nala nyayo za watu.
Soli zikilika Wete, nami hula.
Arubaini mwaka juu ya kigoda hiki
nimeona wanaochechemea, wanaoburura, wanaokanyagia upande,
wote nimewapokea, wote wamenipa riziki;
sijapata kusikia kwamba hatua
ni kosa lenye bei.
Nilitaka kucheka. Nikaona uso wake,
nikaokota msumari usioanguka.

"Farasi mzima?" akauliza.
"Kafumuka mshono mmoja, karibu na bega."
"Njoo nao uzi."

Alasiri nikamshona palepale, nikasogea pembeni.
Mattar akarudi nyuma mpaka ukutani,
akainua mkono kumsalimu nani sijui.
Wengine walitazama juu.
Miye nilichutama kama nikaguavyo soli,
macho kwenye magunia, pale visigino vitakapokuja.

Ubao ukalia.
Kisha kishindo, na vumbi likafunika kila kitu,
miguu na yote.
Hakuna aliyesema neno.
Nikangoja vumbi litue.