Makombo ya Rangi

Rakul hanunui rangi nyeusi.
Tangu aache kazi ya kiwanda cha samaki kule bandarini,
mwaka wa tatu huu, hajafungua hata tyubu moja.
"Nyeusi," huniambia, "ni mlango uliofungwa.
Mimi nataka dirisha lililochafuka."

Basi hukamua nili, kiasi cha ukucha,
na udongo mwekundu uliopitishwa motoni,
akavisukuma kwa kisu, akavirudisha,
mpaka viwili hivyo visahau vilikotoka
na kibaoni kibaki kitu kisicho na mwenyewe.
Ndipo hutia nyeupe, chembe kwa chembe,
kama atiaye chumvi katika chakula cha mgonjwa.

Hapa Faroe kijivu ndicho chakula chetu cha kila siku:
mlima ng'ambo ya ghuba, ukungu, mawe ya ua,
kondoo walionyeshewa, paka wa Hanus.
Nami, mpangaji wake na muosha brashi,
niliwahi kusema: "Si kijivu tu?"
Akanitazama juu ya miwani.
"Jivu la nini?
La mboji aliyochoma bibi yangu jikoni?
La gazeti? La barua?
Jivu halina ukoo mmoja."

Majuma matatu mlima ulimkataa.
Asubuhi ulitoka kijani, kibichi mno,
kama mboga iliyogoma kuiva;
mchana zambarau, jioni matope.
Alipaka, akakwangua, akapaka,
turubai likaota sugu.

Jumatano Hanus akaleta samaki,
mzima, macho bado yana bahari.
"Mpike leo," alisema. "Kesho si wako tena."

Rakul hakumpika.
Alimlaza kwenye sinia la bati, kando ya limau
na vitunguu viwili, kimoja kimechipua,
akageuza kiunzi cha turubai, akalipa dirisha kisogo.
Ndipo nikaona tumbo la samaki si jeupe:
mna waridi humo, mna kijani cha shaba kuukuu,
na chini ya pezi, manjano aliyoyakopa kwa limau.
"Vitu vya mezani hukopeshana," alisema,
"kama majirani. Hebu tazama kitunguu,
upande huu kimevaa nguo ya sinia."

Alhamisi alichora. Ijumaa alichora.
Jumamosi nilifungua madirisha yote.
Hanus akapita: "Alikuwaje yule samaki?"
"Mgumu," alijibu bila kugeuka.
"Mgumu? Samaki wangu?"
"Hapa, shingoni," akamwonyesha kwa ncha ya brashi.
Hanus akanusa, akaelewa,
akaondoka na kofia mkononi
kama atokaye msibani.

Nikampeleka samaki kwa shakwe.
Niliporudi alikuwa amekwangua kibao chote,
manjano ya limau, waridi la tumbo, ganda la kitunguu,
akayakusanya fungu moja
kama makombo yangojayo kuku.
Nilishika tambara nifute.
Akanishika mkono.

Kijivu kile sijui kukitaja.
Kilikuwa na joto ndani,
kama chungu kilichoepuliwa kitambo.
Akageukia dirisha,
akakipaka kwa kisu mara tano, mara sita,
na mlima uliosimama nje majuma matatu
kama mgeni asiyejua kubisha hodi
ukaingia, ukakaa.

Hakusema neno. Alinawa kwa sabuni ya vyombo,
akachukua kile kitunguu kilichochipua,
akakikata, tukala na mkate na siagi,
kwa sababu tulikuwa na njaa.

Limau akalibakiza.
"Usiliguse," alisema, mdomo umejaa. "Bado linakauka.
Jumanne litakuwa na rangi nisiyowahi kuiona."