Sanduku la Nane

Udongo wa Kangagani nimeuchota kwa kijiko,
chini ya mkarafuu wa mama, kina cha kidole,
nikaufunga kwenye mfuko wa chumvi,
mifuko ya maabara imekwisha tangu Rajabu.
Hapa Wete nimeunywesha gundi ukawa jiwe,
nikaukata, nikausugua juu ya kioo
hata ukawa mwembamba kuliko ganda la kitunguu.

Sasa jicho. Mkono wa kushoto unazungusha lenzi
mpaka ukungu uondoke.

Lahaula.
Kumbe giza lina vyumba.
Mzizi uliokufa umeacha ukumbi mtupu,
nyuzi za kuvu zimetanda mlangoni,
na choo cha nyungunyungu, mniwie radhi, ndicho kilichoshika ukuta.
Konyo la karafuu, limeliwa nusu, bado laonyesha mishipa.
Na kule pembeni weusi usio na jina
umeung'ang'ania mfinyanzi
kama mtoto asiyetaka kuachishwa ziwa.

Kompyuta yenyewe yataka tarakimu.
Modeli nimeijenga kwa masanduku manane,
kila moja lina mlango wa kuingilia na tundu la kuvujia.
Majani mangapi huanguka kwa mwaka?
Nikampigia mama.
"Miye nihesabu majani, Mchanga? Nayafagia."
Unayapeleka wapi?
"Nayachoma. Ulitaka niyapeleke wapi?"
Nikafuta safu nzima, nikaandika sifuri.

Umeme ukakatika kwenye asilimia sitini na moja.
Feni ikazunguka kwa mazoea, kisha ikachoka.

Nilipokaa vile, bila taa, ndipo nikakumbuka:
pale pale nilipochota,
mkunga Bikombo alichimba shimo la kiganja
akakizika kitovu changu.
Hesabu zangu mwenyewe zasema
nyama laini haimalizi masika mawili.
Labda nne kwa mia, ikipata mfinyanzi wa kushikana nao,
hukaa kuliko aliyeizika.

Nne kwa mia.

Umeme uliporudi, modeli iliuliza palepale ilipokatikia:
Sanduku la nane. Chanzo?
Kishale kinapepesa.
Niandike nini,
mimi niliyeitwa Mchanga
na mtu ambaye hakuwa akifikiria udongo?

Nimeandika: haijulikani.
Kisha nikafuta kwa kurudi nyuma,
herufi moja moja,
mpaka zikabaki tatu za mwanzo.
Nikaiacha iendelee kuhesabu.