Ramani ya Delbert

Bibi mmoja wa Omaha, mwenye kuota akiwa macho,
aliuza ramani kwa dola kumi na tano:
California yote buluu, milima ya Rocky visiwa,
na bahari mpya ikikomea hapa, Nebraska,
nyuma ya zizi la Delbert Kowalke.

Delbert hakuwa mtu wa mzaha.
Aliuza ng'ombe kumi na mmoja, akanunua nanga.
Akajenga gati katikati ya mahindi,
mbao za mwerezi, misumari isiyoshika kutu,
majirani wakipita wakimpigia honi.

Siku ikafika. Ardith akakaanga mayai.
Wakakaa gatini na chupa ya kahawa
mpaka umande ukawalowesha viatu.
"Labda alikosea mwaka," akasema Delbert.
Mkewe akamfunga vifungo vya koti.

Februari hii ndipo ardhi ilipofunguka:
futi sita kwenda chini,
trekta la kanisa likihangaika na barafu.

Nanga bado ipo. Kuku hulala juu yake.
Na jioni za Julai, upepo ukivuma,
mahindi huinama, huinuka,
huja wimbi baada ya wimbi hadi ukingoni.
Ardith huvua viatu.
Hamwambii mtu.