Tupu

Zamani zilikuwa hatua kumi na moja
kutoka darubini yangu hadi kitanda cha Daktari Numbi.
Nilizihesabu kila mara, pumzi nimeibana,
mkononi mrija mwembamba kama unyasi,
ndani ya mrija tone, ndani ya tone
umri wa siku tano, seli mia zilizokumbatiana,
kiputo cha hewa mbele, kiputo cha hewa nyuma,
kama mgeni anayesindikizwa.

Hatua kumi na moja ni nyingi. Zina baridi.
Vumbi jekundu la Lubumbashi linabisha hodi kila dirisha,
umeme wa mji unakohoa, jenereta inaitikia.
Basi tukamwita Fundi Kazadi wa Kamalondo,
akatoboa ukuta, akatia kidirisha cha ukubwa wa sahani.
"Mtapitisha nini hapa," akauliza, "chakula?"
Daktari akasema, "Watu."
Kazadi akarudi kuzipiga msasa kingo zake, mara mbili.

Usiku niliufundisha mkono wangu upya:
mbegu ya lengalenga, maji, papai bivu lililokatwa shingo.
Kusukuma polepole. Kidole gumba kisichojua hasira.
Ukiharakisha, nyumba inashtuka,
misuli inajikunja, mgeni anatupwa nje kabla hajaketi.
Mapapai mengi yalikufa. Tuliyala asubuhi.

Leo ni Masengo wa Katuba, mara ya tatu.
Mume yuko Kasumbalesa, foleni ya malori imemmeza.
Amekunywa chupa mbili za maji kama alivyoagizwa,
kibofu kilichojaa kinainyosha njia,
naye anatusihi tusimchekeshe, huku anacheka mwenyewe.
Kwenye skrini, weusi; kisha mstari mweupe unaingia,
unasimama kabla ya dari. Haugusi.
"Sasa," asema Numbi,
kwa sauti ya mtu anayefunga mlango wa chumba alimolala mtoto.
Kitu kikang'aa, punje ya chumvi gizani.

Mrija unatolewa kwa uvivu, unanirudia kidirishani.
Nausuuza chini ya darubini, natafuta, natafuta tena.

Miaka tisa Masengo amelisikia neno hili
kwa mawifi, kwa majirani wa bombani,
kwa tumbo lake mwenyewe kila mwezi.
Nalipitisha kwenye tundu la Kazadi:
"Tupu! Mrija mtupu!"

Kimya. Macho yake bado kwenye ile punje.
Kisha: "Haya. Sasa mtaniruhusu nikakojoe?"