Andika na Tarehe

Umeme umerudi Kiboriloni saa nne na robo usiku.
Nafungua faili. Galaksi mia sita na tatu
zinanisubiri kama magunia ya mnadani,
kila moja na nambari yake ubavuni.

Sitazami picha. Kwenye picha zote ni doa,
unga uliomwagika gizani.
Nasoma mwanga uliokwisha kupasuliwa:
kilele cha oksijeni juu ya haidrojeni,
naitrojeni kwa jirani yake,
nagawanya, natia nukta kwenye chati.
Chini kushoto, nyota changa ndizo zinazowasha gesi.
Juu kulia, kuna shimo, na shimo linakula.

"Basi na wewe unaonja," anasema shangazi Aikande.
Miaka ishirini na saba alisimama
kwenye meza ya vikombe pale mjini:
kijiko, mfyonzo mmoja wa kelele, tema.
Daraja la nne. La saba.
Hii ilianikwa kwa pupa.
Hii ililala karibu na mafuta ya taa.
Mkulima hakumwona, lakini alimjua.

Namwonyesha nambari 418.
Miaka ishirini nyuma haidrojeni ilivimba,
mstari mpana kama mabega ya Kibo,
gesi ikikimbia kiwazimu mdomoni mwa shimo.
Tukaiita daraja la kwanza.
Mwaka jana mabega hayapo,
imebaki Mawenzi, ncha tupu.
Daraja la pili.
"Imekufa?"
"Hapana. Labda imeacha kula.
Labda vumbi limekatiza mbele yake.
Hatujui."

Ananyamaza.
Tangu ile homa ulimi wake hausikii kitu;
kahawa, mchuzi, chumvi, yote ni joto tu.
Majirani hawajui. Bado wanamletea punje kiganjani,
"Mama Mwonjaji, hii ya ngapi?"
naye huing'ata, husikiliza mlio wake ukivunjika,
hutaja namba.
Sijawahi kumuuliza kama hubahatisha.

"Usilifute la kwanza," anasema.
"Andika yote mawili. Andika na tarehe."

Naandika.
Mbwa wa kina Mangesho anabwekea lori la mahindi
linalopanda na gia nzito.
Nambari 419: vilele vyembamba, vifupi,
nyota changa, hakuna utata.
Jikoni shangazi anamimina kahawa,
anatia sukari vijiko viwili,
anafikiri,
anaongeza cha tatu.