Mtaro wa Barabara ya Kumi na Tatu

Wiki ile zamu ilikuwa yangu na filimbi imepasuka,
ukiipuliza inatoa mate kuliko sauti.
Mstari ukasimama hivyo hivyo,
mashati yaliyozidishiwa buluu, soksi zisizofanana.
Nikatangaza: Kidato cha Tatu B, Jumamosi,
majembe, ndoo, glavu kwa mwenye nazo,
mtaro wa Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani.
Wakaguna. Ule mguno wa darasa zima
unaoanzia nyuma na hauna mwenyewe.

Jumamosi ikanuka.
Kuna tope lisilo na rangi, lina umri tu.
Humo ndani mtaa ulikuwa umejiwekea akiba:
kandambili za mguu wa kushoto
(za kulia huenda wapi?),
vizibo, betri zilizotapika, funguo,
kengele ya baiskeli,
kijiko cha bati chenye tundu kwenye mpini,
jicho la mwanasesere, bado linafumba.

Semkiwa hakutupa kitu.
Aliviosha kwenye bomba la nyuma ya maabara
kimoja kimoja, kama achambuaye mchele wa shughuli.
"Vya Siku ya Sanaa, mwalimu."
Kijana huyu darasani hajawahi kunyoosha mkono
ila kuomba ruhusa ya kutoka.

Siku ya Sanaa: maturubai, viti vya kukodi,
ngonjera iliyokaririwa hadi ikaisha utamu,
spika inayokoroma katikati ya dua.
Mgeni rasmi alichelewa saa mbili,
tukamwomba radhi sisi.

Na kwenye ukuta wa bwalo, ndani ya fremu ya dirisha bovu,
mtaa wote ulikuwa umefungwa kwa waya:
kandambili ndizo mapaa,
funguo ndizo watu wamesimama vizingitini,
kengele ndilo jua, limewambwa juu kabisa,
na lile jicho, dirishani, linachungulia.
Majaji wakainamiana. Nikajua kikombe kina mwenyewe.

Ndipo akainuka Bi Mwanamvua wa mbaazi,
tuliyemwalika kwa sababu Jumamosi ile
vijana walimmalizia mtungi wa maji.
Akasogea mpaka pua ikagusa bati.
"Kijiko changu hiki. Tundu nimelitoboa mwenyewe, kwa msumari,
nikifunge kamba, wasinichukulie. Wakakichukua na kamba yake."

Semkiwa hakuwatazama majaji.
Alikunjua waya, akampa.

Basi, ikawa kama kufungulia koki.
Fundi Makata akadai kengele,
akaibonyeza kwa dole gumba mbele ya mgeni rasmi:
krrri, na mchanga kidogo ndani yake.
Mtoto wa darasa la kwanza akanyakua jicho, akatoka mbio
asiulizwe mwanasesere yuko wapi.
Bwana mmoja alizikagua funguo zote, hakuutambua hata mmoja,
akaondoka na mmoja vilevile.
"Nyumbani nina kufuli lililofiwa," alisema.

Ilipoadhiniwa alasiri, palikuwa na waya,
kandambili mbili zilizokataliwa na wenyewe,
na matundu mengi ya kuonea ukuta.

Kanuni ziko wazi: kazi isahihishwe ikiwa kamili.
Kikombe kikaenda kwa wenye ngonjera.
Kwenye karatasi yangu, mbele ya jina lake,
niliandika *haipo*,
nikafuta, nikaandika tena,
hata karatasi ikatoboka.

Jumatatu, mstarini, nilikuwa na hotuba mfukoni.
Kujitolea, uzalendo, usafi, mambo hayo.
Nilipofungua kinywa, ng'ambo ya ua
mtu akapita na baiskeli
na kukapigwa kengele yenye mchanga kidogo.

Kidato cha Tatu B wote wakageuza shingo.
Mstari ukapinda kama mwiko uliotiwa motoni.

Zamu ilikuwa yangu. Ningeweza kuwapigisha magoti.
Nami nilikuwa nimegeuka.